Samaki Naye Huugua, Lakini Daktari Wake ni Nani?

Kutoka Riruta, ukipitia Kawangware na Uthiru, huchukui muda kufika Kabete. Kwenye vilima vile ndiko serikali ya kikoloni ilikojenga maabara yake ya magonjwa ya mifugo mwanzoni mwa karne ya 20, na kazi iliyofanyika pale inasomwa hadi leo na wanafunzi wa tiba ya wanyama popote walipo duniani. Mwaka 1921 mtafiti Montgomery alieleza kwa mara ya kwanza homa ya nguruwe ya Afrika. Mwaka 1931 Daubney, Hudson na Garnham wakaeleza homa ya Bonde la Ufa, baada ya wanakondoo kufa kwa wingi katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Mbele kidogo, kule Muguga, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo ya sotoka, ile iliyoiwezesha dunia kutangaza mwaka 2011 kwamba ugonjwa uliokuwa ukifagia mazizi mazima ya ng'ombe umetokomezwa. Kisa cha mwisho kuthibitishwa duniani kilikuwa cha nyati wa hapa kwetu, katika Mbuga ya Meru, mwaka 2001.

Urithi huu ni wetu, na nauonea fahari. Ndiyo sababu inaniuma kwamba katika upande huu huu wa Nairobi, mnyama anayeliwa kila jioni kando ya barabara ya Naivasha, kuanzia Riruta Satellite hadi Kawangware, hana daktari wa kumtegemea. Ng'ombe akikohoa Dagoretti, mwenyewe anajua wa kumwita. Samaki elfu mbili wakifa usiku mmoja katika bwawa la Kikuyu, mwenyewe huchota mizoga kwa ndoo, huifukia nyuma ya nyumba, na kama ana bidii hununua vifaranga wengine. Hajui kilichowaua. Wale wapya nao wakifa, hufukia bwawa na kupanda ndizi.

Nasema "mnyama" kwa kukusudia, kwa sababu hapo ndipo kosa letu lilipoanzia. Tunamhesabu samaki kama mavuno, kitu kinachotoka majini kama vile mahindi yanavyotoka shambani. Sikiliza maswali yanayoulizwa mbele ya karai la mafuta saa moja jioni. "Mama, hii ni ya ziwa ama ya China?" "Ni ya leo?" "Utanipunguzia?" Ni maswali ya haki, na mama wa samaki huyajibu kwa subira kila siku. Lakini hakuna anayeuliza samaki yule aliishi maji gani, wala kama alikuwa mzima alipovuliwa. Sisi wateja hatuulizi kwa sababu hatujui kuna la kuuliza. Wakubwa hawaulizi kwa sababu sheria na ofisi zetu zimepangwa hivyo.

Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, pale kazi za kaunti zinapotajwa chini ya kilimo. Kipengele kimoja kinazungumzia kudhibiti magonjwa ya mimea na wanyama. Kinachofuata kinataja uvuvi, peke yake. Silaumu walioandika, orodha lazima iwe na mistari. Lakini nchi nzima imefanya kazi kana kwamba mstari ule ni ukuta. Daktari wa mifugo yuko idara moja, afisa wa samaki yuko idara nyingine, mara nyingi chini ya wizara tofauti. Wa kwanza anajua ugonjwa, lakini hajapewa samaki kuwa mgonjwa wake. Wa pili anajua samaki, bwawa na chakula chake, lakini hakufunzwa kupasua na kusoma kiungo kilichougua. Mfugaji amesimama katikati, ndoo mkononi.

Kipindi fulani tulilazimika kujenga maabara za samaki, na ni vyema kukumbuka sababu yake. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia mara kadhaa samaki wa Ziwa Victoria, kwanza kwa hofu ya salmonela na kipindupindu, kisha mwaka 1999 kwa sababu ya habari za watu waliokuwa wakivua kwa sumu. Viwanda vya Kenya, Uganda na Tanzania vilitikisika. Ili kurudi sokoni ilibidi wakaguzi wateuliwe, fuo za kupakulia samaki zitengenezwe, vipimo vifanywe. Yote yalifanyika, na yalifanyika upesi. Minofu ya mbuta (sangara) ikasafiri kwenda Ulaya ikiwa na hati zake. Mifupa iliyobaki, ile tunayoiita mgongo wazi, ikaendelea kukaangwa Obunga, Kisumu, na kuliwa na watu wetu bila hati yoyote. Tulithibitisha kwamba tunaweza kumpima samaki tukitaka. Hata hivyo vipimo vile vilimlinda mlaji wa mbali. Afya ya samaki mwenyewe angali hai majini haikuwa hoja ya mtu.

Sasa ni lazima iwe hoja, kwa sababu jinsi tunavyompata samaki imebadilika. Zamani mtu alimfuata alipo. Leo tunamfuga, tena wengi mahali padogo. Mwaka 2009 serikali, kupitia mpango wa kuchochea uchumi, ilianza kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140, kila bwawa la mita 300 za mraba. Sehemu za nchi ambako mtu alikuwa hajawahi kushika samaki mbichi zikapata mabwawa ndani ya msimu mmoja. Upande wa ziwa, vizimba vya kufugia ngege (tilapia) vilivyohesabiwa kwenye maji ya Kenya mwaka 2016 vilikuwa zaidi ya 1,600, na miaka michache baadaye vikapita 4,000. Nilifurahia mambo hayo, na bado nayafurahia. Sangara na ngege wa kuvuliwa wanapungua, watu wanaongezeka, na mtoto wa Kawangware anahitaji protini ambayo mzazi wake anaweza kuilipia. Lakini kila mfugaji wa kuku anajua kwamba ukiwaweka elfu chumba kimoja, umeukaribisha ugonjwa. Kwa kuku tulikwenda na chanjo ya kideri. Kwa samaki tulikwenda na majembe ya kuchimbia na magunia ya chakula.

Matokeo tumeyaona. Mwanzoni mwa 2021 mbuta walielea wafu kwenye Ziwa Victoria, hasa upande wa Uganda, na fununu za sumu zikatangulia kufika sokoni kabla ya maelezo ya wataalamu. Novemba 2022 ikawa zamu ya vizimba vya Kisumu, na watu waliokuwa wamekopa benki na kwenye chama wakaamka kukuta mtaji wao umegeuka mizoga. Mara zote mbili wataalamu walisema kilichoua ni ukosefu wa oksijeni majini.

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa maana jambo hili halielezwi vya kutosha magazetini, na ndilo linalowaua samaki wengi kuliko virusi vyovyote. Samaki anapumua oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji, naye huichota kwa matamvua yake. Ngege anastawi maji yakiwa na miligramu 5 au zaidi kwa lita. Ikishuka chini ya 3 anaanza kudhoofika, ingawa anaweza kustahimili hali mbaya kwa muda mfupi. Mbuta hastahimili hivyo, na ndiyo maana mwaka 2021 walikufa wao huku ngege wakibaki. Maji ya joto hushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Mwani mchana hutengeneza oksijeni kwa nguvu za jua, lakini usiku nao huipumua, kwa hivyo maji ya kijani kibichi yaliyojaa mwani huwa na hewa tele saa tisa alasiri na kukaukiwa kabla ya alfajiri. Mfugaji aliyelala hajui. Akija saa mbili asubuhi, jua limeshapanda, maji yameanza kupona, na anachokiona ni maiti tu.

Ziwani hali ni nzito zaidi. Sehemu za kina za Ziwa Victoria hujitenga kwa miezi: juu maji ya vuguvugu yenye hewa, chini maji ya baridi ambamo mabaki ya mwani na taka yanaoza na kumaliza oksijeni yote. Upepo ukivuma kwa nguvu au dhoruba ikipiga, maji ya chini husukumwa juu na kuelekea kandokando. Samaki aliye huru mara nyingi huhisi mabadiliko na kukimbia. Aliye kizimbani hana pa kukimbilia. Na mbolea ya mwani huo inatoka wapi? Inatoka mashambani kwenye miteremko, inatoka kwenye majitaka ya miji, inatoka pia kwenye chakula kinachopita kwenye nyavu za vizimba bila kuliwa. Kipimo cha oksijeni ni kifaa cha kushika mkononi. Kikundi cha ufuo kikiwa nacho, na mtu wa kukisoma usiku wa manane, kinaweza kupunguza chakula, kusogeza vizimba penye maji ya kina na mkondo, au kuvua mapema kabla ya hasara.

Lakini jibu la oksijeni lina hatari yake. Likishazoeleka, linakuwa jibu la kila kifo, na magonjwa ya kweli yanajificha nyuma yake. Mwaka 2014 wanasayansi wa Israeli walieleza virusi vipya vilivyokuwa vikiua ngege wao tangu 2009, wakiviita virusi vya ziwa vya tilapia. Vikaonekana pia Ekuador, Misri, Thailand na kwingineko, na mwaka 2017 FAO ikatoa tahadhari kwa nchi zote zinazofuga tilapia. Mwaka 2018 kundi la watafiti wakiwemo wa Makerere, Uganda, na Sokoine, Tanzania, wakishirikiana na wenzao wa Norwei na Israeli, lilichapisha matokeo ya kupima ngege wa Ziwa Victoria, wa kuvuliwa na wa kufugwa. Alama za virusi vile zilikuwemo. Samaki wenyewe hawakuonyesha dalili za kuugua, na virusi hivyo havijulikani kumdhuru mtu, kwa hiyo hakuna sababu ya mlaji wa Riruta kuogopa sahani yake.

Mfugaji ndiye mwenye sababu ya kuogopa. Samaki anayebeba virusi bila kuugua anaweza kuugua atakapobanwa na joto, msongamano au hewa chache. Basi Novemba 2022 maji yalipokosa hewa, ni oksijeni peke yake iliyoua, au iliua waliokuwa wameshadhoofika? Swali kama hilo hujibiwa kwa sampuli zilizochukuliwa saa ile ile, na sampuli za samaki zina masharti magumu. Samaki aliyeelea nusu siku juani hafai. Ameoza, na bakteria wa kuoza wamefunika kila dalili. Anatakiwa yule ambaye bado anahema, anayeogelea upande, matamvua yake yakiwa mekundu au yamepauka. Akatwe kipande chembamba cha utamvua, kiwekwe chini ya hadubini kikiwa kibichi, figo na bandama zihifadhiwe kwenye baridi, ziwahi maabara. Ni kazi ya saa chache. Haiwezi kusubiri barua ipite kutoka wadi hadi kaunti, kutoka kaunti hadi wizarani, kisha gari litafutiwe mafuta.

Watu wa kuifanya tunao. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ipo tangu 1979, ina vituo kuanzia Mombasa hadi Kisumu, Sagana na Turkana. Kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko pale pale Kabete, na watafiti wake wamekuwa wakizunguka mabwawa ya Nyeri na Kirinyaga wakipasua ngege na kambare. Waliyoyaandika yasomwe na kila kaunti: minyoo ya matumbo, minyoo midogo inayong'ang'ania matamvua na ngozi, bakteria ambao baadhi yao hawasikii tena dawa za kawaida, na maji yasiyopimwa na yeyote. Ikumbukwe kwamba Peninah Aloo, mtaalamu wa Kenya, aliwachambua minyoo wa samaki wa Ziwa Naivasha tangu miaka ya 1990. Na kabla yao, mtaalamu wa vimelea Ilan Paperna aliandikia FAO kitabu kizima juu ya vimelea na magonjwa ya samaki wa Afrika, kilichotoka 1980 na kuongezwa mwaka 1996. Maarifa hayakukosekana. Yamekaa kwenye majarida huku mfugaji wa Kabiria akimuuliza muuza chakula cha kuku samaki wapewe dawa gani.

Mfano wa omena unanigusa zaidi, kwa sababu omena ndiye samaki wa mwenye shilingi hamsini. Baadhi yao, ukiwapasua tumbo kabla ya kukaushwa, utakuta mnyoo mweupe bapa aliyejikunja akijaza nafasi yote. Safari yake ni ndefu: mayai hutoka na kinyesi cha ndege wa majini, huanguliwa ziwani, humezwa na vijidudu, vijidudu huliwa na omena, na mwisho omena huliwa na ndege. Omena aliyekaushwa na kupikwa vizuri hamdhuru mlaji. Lakini samaki mwenye mnyoo huyo hukosa kukuza viungo vyake vya uzazi, hivyo anapovuliwa ni kana kwamba kizazi chake kilishavuliwa kabla. Kiasi cha omena tunachokadiria kuzaliwa ziwani hakiwezi kuwa sahihi ikiwa hatujui wangapi kati yao ni tasa. Kwa hiyo hata anayejali bei ya omena Kawangware pekee ana sababu ya kujali mnyoo huyu.

Pasipo daktari, dawa hujipeleka yenyewe. Mfugaji akiona mikia inayooza au vidonda, huambiwa na jirani amwage dawa ya ng'ombe majini. Sehemu kubwa ya dawa hiyo haimfikii samaki. Inabaki kwenye maji, inawafunza bakteria kuizoea, kisha maji yanafunguliwa kwenda kwenye mto ambao mtu mwingine anamwagilia sukuma. Norwei walishapita huku. Mwaka 1987 wafugaji wao wa samoni walitumia karibu tani 50 za antibiotiki. Wakaleta chanjo, wakapanga mashamba yapumzike kati ya mavuno, wakaweka sheria kwamba wataalamu wa afya ya samaki wakague. Leo wanazalisha samoni wengi mara nyingi zaidi na dawa wanazotumia kwa mwaka hazifiki tani moja. Sisemi Kenya ni Norwei. Nasema kwamba nchi iliyompa samaki daktari ilipata faida ya pesa, na inaijua hesabu yake.

Hata Afrika tumepata onyo. Kati ya 2006 na 2007 samaki wa mito ya Chobe na Zambezi, kule Botswana, Namibia na Zambia, walianza kuvuliwa wakiwa na vidonda vya kutisha vilivyokula hadi nyama. Ugonjwa ule ulikuwa ukijulikana Asia na Australia tangu miaka ya 1970, nao haukuwa umewahi kuthibitishwa barani kwetu. Mwaka 2018 vizimba vya Ziwa Volta, Ghana, vilikumbwa na vifo vikubwa, na watafiti wakabaini virusi ambavyo havikuwa vikitarajiwa huko. Vifaranga husafirishwa kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa maji na hewa, juu ya boda boda au ndani ya matatu, kutoka kaunti hadi kaunti na hata kuvuka mipaka. Ndani ya mfuko huo huo husafiri kila kimelea kilichokuwa kwenye bwawa la mzazi. Kuvusha ng'ombe kunahitaji kibali cha daktari. Kwa vifaranga, mara nyingi risiti inatosha.

Nimezungumzia bwawa na ziwa, lakini Riruta ina maji yake, na siwezi kuyaruka. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, unapita Dagoretti na pembezoni mwa Kawangware kabla ya kuingia Lavington na mjini. Ondiri maji yake ni ya kunywesha ng'ombe. Kilomita chache baadaye mto umeshapokea mitaro ya vyoo, maji ya gereji, plastiki, na kwa miaka mingi damu ya machinjio. Mwaka 2009 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilifunga baadhi ya machinjio ya Dagoretti kwa sababu ya uchafu uliokuwa ukiingia mtoni, na wenye kazi pale wakaandamana, kwani walikuwa wamefungiwa riziki. Nawaelewa. Lakini damu ikiingia mtoni, bakteria huila na kumaliza oksijeni, na hapo tumerudi kwenye kile kile kilichoua samaki wa Kisumu. Bwawa la Nairobi, karibu na Kibera, lilijengwa miaka ya 1950, na watu walikuwa wakiendesha mashua za tanga pale. Leo limefunikwa na magugu maji na matope.

Tena mto huu hauishii Ruai. Unaingia Athi, Athi unakuwa Galana, Galana unakuwa Sabaki, na Sabaki unamwaga baharini kaskazini ya Malindi, si mbali na matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968. Wavuvi wa pale wanaujua wekundu wa maji msimu wa mvua. Mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, huzaliwa baharini na kupanda mto huu huu wakiwa wadogo, hukaa bara kwa miaka, kisha hurudi baharini kuzaa. Tunachomwaga kwenye mtaro wa Riruta kinaingia kwenye njia yao.

Kuna jambo jingine ambalo Ziwa Victoria lilitufunza kwa gharama kubwa. Fulu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi, walikuwa zaidi ya aina 300, wengi wasiopatikana popote pengine. Baada ya sangara kuletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, karibu aina 200 zilitoweka au kukaribia kutoweka. Sangara alibeba lawama zote, na anastahili sehemu kubwa. Lakini mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha jambo la ajabu: jike la fulu humchagua dume kwa rangi yake, na maji yakichafuka kiasi cha kuficha rangi, majike hawamtambui tena wa aina yao. Wakazaana ovyo, aina zikachanganyika na kupotea. Hakukuwa na kidonda, virusi wala mnyoo. Uchafu peke yake ulitosha kuwamaliza kwa kuwazuia kuonana. Tangu nisome hilo, siwezi kutenga afya ya samaki na afya ya maji yake, na sioni jinsi serikali inavyoweza.

Wapo watakaoniambia kwamba nchi ambayo wagonjwa wawili hulazwa kitanda kimoja haina haki ya kuzungumzia daktari wa samaki. Naichukulia hoja hii kwa uzito, maana anayeitoa huwa ameuguza mtu. Lakini hela ninazozizungumzia ni ndogo: hadubini, vipima oksijeni, visanduku vya barafu, mafunzo ya wiki kadhaa kwa madaktari wa mifugo ambao tayari wako kwenye mishahara ya kaunti. Hasara ya Novemba 2022 pekee, kwa wafugaji wa ufuo mmoja tu, ingelipia vifaa hivyo kwa miaka. Na mtoto anayekula omena mara tatu kwa wiki ana nafasi ndogo ya kufika kwenye kile kitanda cha wawili.

Vilevile sikubali kwamba sayansi ya namna hii ni ya wazungu na wenye pesa. Katika Ziwa Magadi, kusini tu mwa Nairobi, yupo samaki mdogo anayeishi kwenye maji ya magadi yanayopita nyuzi joto 40 pembezoni mwa chemchemi zake, maji ambayo yangemuua ngege wa kawaida upesi. Samaki wengi hutoa uchafu wa mwili kama amonia. Yeye, kwa kuwa maji yake hayaruhusu, huugeuza wote kuwa urea kama sisi. Ugunduzi huo ulichapishwa mwaka 1989 katika jarida la Nature, na kati ya waandishi wake alikuwemo Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Vijana wanaosoma Precious Blood na shule nyingine za Riruta hawajui kwamba jambo hilo lilitafitiwa na mtu wa mji wao. Wangejua, huenda baadhi yao wangetamani kazi hii.

Mwaka 2022 serikali iliunda Tume ya Mito ya Nairobi, na mwaka 2025 Rais William Ruto akazindua mpango wa kuufufua mto. Tumeonyeshwa michoro ya njia za kutembelea na nyumba mpya kandokando. Tukumbuke pia kwamba Michuki, alipokuwa waziri wa mazingira, aliwahi kuondoa gereji na takataka karibu na mzunguko wa Globe, na bustani yenye jina lake ipo. Mto unaopita ndani yake bado unanuka. Ningependa mpango huu upimwe kwa samaki. Pawekwe vituo vya kupima oksijeni, Ondiri, Dagoretti, Kawangware, mjini na Ruai, na matokeo yatangazwe kila wiki kama tunavyotangaziwa hali ya hewa. Siku ambayo kambare atavuliwa chini ya daraja la Kawangware, apelekwe Kabete, apasuliwe, na ripoti yake isomwe hadharani, ndipo nitaamini kwamba fedha zimefanya kazi.

Kila mwaka Kaunti ya Nairobi hukusanya maoni ya bajeti wadi kwa wadi, na ya Riruta ni miongoni mwake. Vikao hivyo hujaa maombi ya taa na barabara, nayo yanastahili. Mimi nitaomba mstari mmoja zaidi: daktari mmoja wa mifugo wa kaunti aliyefunzwa magonjwa ya samaki, hadubini moja, pikipiki moja yenye sanduku la barafu, na nambari moja ya simu iandikwe kwenye kila gunia la chakula cha samaki linalouzwa kuanzia Dagoretti Corner hadi Uthiru. Nitaomba pia kwamba atakayepiga nambari hiyo kuripoti vifo asitozwe faini wala kufungiwa bwawa kabla ya kuchunguzwa, kwa sababu mfugaji anayeogopa afisa huzika ushahidi. Na vifaranga wanaouzwa katika kaunti hii wawe na cheti cha afya kilichosainiwa na mtu aliyewaona.